Zamu ya Maji ni Alhamisi

Tumetandaza ramani sakafuni, Pipeline, ghorofa ya tano,
pembe zake tumezibana kwa vilivyokuwepo:
sufuria, buti moja, pakiti ya unga,
na goti la Kirimi, asiyejua kukaa kitako.
Nyaboke aliipata kwa muuza vitabu vikuukuu;
ina duara la kikombe cha chai ya mtu mwingine,
na pale mistari ya mwinuko inapobanana kama ukindu wa mkeka
kuna maneno ya penseli: *hapa utelezi.*
Basi. Hatujui aliteleza yeye au mwenzake.

Siku nne, nasema.
Tatu, asema Kirimi,
ambaye bosi wake hutoa ruhusa kama anayeng'olewa jino.

Chakula, tunabishana.
Ndengu zitachukua siku nzima kuiva.
Omena? Harufu itaita fisi.
"Fisi wa Nyandarua hajawahi kuonja ziwa," asema Nyaboke,
"mwacheni naye asafiri."
Njugu, basi. Sukari guru. Majivu ya kuzuia siafu.
Turubai, maana kule mvua haiangalii kalenda.
Buti zangu nimezitoa Gikomba:
mguu wa kushoto arobaini na moja, wa kulia arobaini na mbili.
Muuzaji aliapa ni pacha.
Ni pacha, nikamwambia, ila mmoja alinyonya zaidi.

Na mazoezi?
Nyaboke alicheka mpaka akashika ukuta.
Tangu Januari mabomba yetu yanakohoa hewa.
Mtungi wa lita ishirini, vidato sabini na nane,
mara mbili asubuhi, mara moja jioni,
na kwenye kona ya ghorofa ya tatu, pale pasipo taa,
unapanda kwa kupapasa na kwa kumbukumbu.
Mlima gani huo utakaokuja kututisha?

Kisha kidole chake kikaanza safari bila sisi.
Kikaondoka hapa tulipokaa,
ambapo ramani haina mtaa, ina nyasi tu,
kikapita Thika, kikaushika mto kwa kwenda juu,
akisoma majina kama mama anayeita watoto magharibi:
Thika, Githika, Kayuyu.
Alipofika Ndakaini akasimama.
Bwawa halimo.
Ramani ilichorwa kabla mto haujazuiwa;
pale tunapochota pana vijia vya miguu,
vinukta vya nyumba, shamba la mtu.
Juu yake kijani, halafu mianzi,
halafu kipande cheupe kisicho na chochote,
labda siku hiyo wingu lilikataa kuondoka
na mchoraji naye hakulilazimisha.

"Kumbe tunaenda kwao," akasema.
Kwao nani?
"Maji."

Kirimi hakucheka.
Mama yake alisukuma mkokoteni wa maji Mukuru
miaka kumi na mmoja, mitungi kumi kwa safari,
na mtoto alipouliza maji yanatoka wapi
alijibiwa: kwa mwenye mfereji.
Akaondoa goti lake. Pembe ya ramani ikajikunja.
"Siku nne," akasema. "Bosi nitamwambia nimefiwa."
Na nani?
"Nitafikiria njiani."

Saa tano usiku bomba la jikoni likapiga chafya.
Tukaruka. Beseni, ndoo, sufuria,
hata pakiti ya unga tuliimwaga ubaoni tupate mfuko;
ramani ikajiviringa peke yake kama jongoo aliyeguswa.
Maji yalikuja mekundu kwanza,
rangi ya udongo wa kwenye majani chai,
na Nyaboke akakinga kikombe kimoja, akakiweka dirishani,
akangoja tope litue.

Tulipomaliza, mikono ikitetemeka,
orodha ilikuwa imelowa, "turubai" limebaki "tur."
Kirimi, kifuniko cha mtungi bado mkononi,
akauliza kama kule juu
huwa kuna foleni.