Mwaka Ambao Baba Hakuchoma Mabua

Oktoba ile Kot Nihala nzima ilipiga kiberiti,
anga ya Punjab ikawa rangi ya chai iliyolala.
Baba, Nachhatar Singh, alikaa na kiberiti chake mfukoni.
Akayakata mabua ya mpunga, akayafukia,
akapanda ngano juu yake
kama mtu anayetandika kitanda juu ya deni.

Desemba, baada ya maji ya kwanza, ngano ikageuka manjano.
Si manjano ya kuiva.
Manjano ya macho ya mgonjwa wa ini.
Mjomba Jagdev akasimama ukingoni, akacheka puani:
"Ardhi imekula mbolea yako, shemeji,
na risiti haitoi."

Nilikuwa nimerudi likizo na darubini ya kuazima.
Nikachota udongo kwa kijiko cha chai, nikamwita.
Alivua miwani, akainama,
akakaa kimya muda mrefu kuliko sala.

Husemwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.
Tembo wa humu hawana pembe wala macho,
elfu wakipanga foleni hawavuki kichwa cha pini,
na nyasi yenyewe imo ugomvini.
Mabua ni mlima wa ugali, mchuzi kijiko:
kaboni tele, naitrojeni haba.
Basi bakteria hutoka kutafuta kitoweo,
hukomba kila chungu cha jirani,
na mzizi, msafiri wa milimita,
hufika sufuria inang'aa.

"Kumbe ni wezi," baba alisema.

Wezi, ndiyo, lakini hawana pa kukimbilia.
Umri wao mfupi; watakufa na mzigo mkononi,
au ataliwa mmoja na mdudu mkubwa kidogo,
naye mdudu atakojoa palepale.
Mzizi upo. Haujahama.
Tena wenyewe huwahonga: hudondosha sukari gizani
ili wachimbue vya kale usivyovifikia.
Sijui hapo nani anamla nani.

Februari kijani kilirudi, kwa madoa,
pembeni kwanza, halafu katikati.
Tulivuna magunia mawili pungufu ya mjomba kwa kila ekari.
Baba hakubishana naye.

Ila jioni moja, akifungulia maji mfereji,
nilimsikia akiuambia udongo kwa sauti ya chini,
kama anayewagawia wafanyakazi ujira:
"Kuleni. Kuleni tu.
Lakini msichelewe kufa."