Mistari ya Mshazari

Tabaka lisilovishwa, seva hulivisha yenyewe:
kijivu, ukingo mweusi,
sare ya mfungwa asiyepimwa na fundi.
Ndivyo nilivyolipokea Jumatatu ile, Leeuwarden,
theluji ikisitasita dirishani:
faili moja, poligoni mia mbili na sita,
jina lake *mashamba ya kuachwa*.

Kuachwa kwa maji. Tuta halitainuliwa tena upande ule.

"Yape rangi," akasema Wiebren, mkuu wetu,
"ila si nyekundu. Nyekundu ni king'ora."
Gerbrich wa mawasiliano akataka kijani kichanga,
kitu cha kutuliza.
Nikajaribu buluu. Buluu ilidanganya mapema:
ng'ombe bado wako pale, wanacheua,
na mtu bado anaanika shuka zake.

Nikaandika kanuni.
Ya kwanza: ukiwa mbali, usione kitu.
Kwa skeli ya moja kwa laki mbili
nchi nzima shwari, haina hata jipu.
Wiebren akaipenda kanuni hiyo. Akaipenda mno.
Usiku nikaifuta.
Mficha maradhi, kifo humuumbua,
na sisi tulikuwa tukificha maradhi ya mtu mwingine.

Kisha nikasahau kufunga alama moja,
mkia mdogo wa mabano,
na ramani yote ikagoma. Ukurasa mweupe,
Friesland bila Friesland.
Nusu saa nikitafuta, kahawa imepoa.
Mstari wa arobaini na tatu. Nikaufunga.
Nchi ikarudi, kila mfereji mahali pake,
haikuniuliza nilikuwa wapi.

Nikakuza, nikakuza,
mpaka poligoni ya mia na tisa ikawa uwanja ninaoujua:
paa refu la ghala, mpeasi uliopinda,
zizi ambamo shangazi Jeltsje alinifundisha
kumkama ng'ombe mwenye hasira bila kumsemesha.
Rangi, kwa seva, ni herufi na tarakimu sita tu.
Nimpe sita zipi
mtu aliyenipikia supu ya dengu majira yote ya baridi?

Mwisho nikachora mistari, si rangi tupu:
mistari ya mshazari, buluu iliyokolea kidogo,
uwazi wake nusu,
ili chini yake nyasi zibaki nyasi.
Na lebo nikaiambia isisome safu ya jina rasmi,
isome ile ya pili, isiyoguswa na yeyote,
yenye majina ya Kifrisia.
La shangazi likajitokeza: Skiere Herne,
Pembe ya Kijivu.
Nikacheka peke yangu, halafu sikucheka.

Data sikuigusa hata chembe.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti:
maji yatakuja mwaka uleule.

Machi, mkutano kanisani. Viti vya mbao, projekta ikihema.
Watu walizisaka nyumba zao ukutani
kama wanaosaka namba zao kwenye matokeo ya mtihani.
Jeltsje akaenda mbele bila kuitwa,
kivuli chake kikala nusu ya ramani,
akaugusa ukuta kwa kidole.
"Mistari hii," akauliza, "ni mvua?"

Wiebren akatazama viatu vyake.

"Si mvua, shangazi. Ni bahari."
"Ah," akasema. "Mvua ningeizoea."
Akasogea zaidi, pua karibu iguse chokaa,
akasoma lebo, midomo ikitembea.
"Hili jina. Ni wewe, Baukje?"
Nikaitikia kwa kichwa.
"Dogo mno," akasema, akarudi kuketi.

Usiku huo nikalifungua faili.
Ukubwa wa herufi: kumi.
Nikaandika kumi na nne.
Nikahifadhi.