Daktari wa Pili

Mgonjwa haulizwi uji, husema watu.
Mimi kazi yangu ni kumuuliza kifo.

Natumwa na sheria.
Daktari wake anamjua tangu surua za wanawe;
mimi sharti nisimjue,
nije na macho makavu, saa moja na nusu,
kalamu, fomu,
na viatu nivivuavyo mlangoni
kwa kuwa Friesland mwezi wa pili ni tope tupu.

Douwe Terpstra. Sabini na moja.
Misuli inamhama mmoja mmoja
kama wapangaji wa nyumba inayovuja:
kwanza vidole, kisha mguu wa kushoto,
sasa koo. Maji ameshaanza kuyaogopa.
Akili, hapana. Akili imekaa kitako,
inawahesabu wanaoondoka.

Nauliza yaliyo kwenye fomu.
Maumivu? Dawa zinayafikia.
Hofu? "Ya kuzama kitandani, nchi kavu."
Umeelezwa tiba shufaa,
na ule usingizi mzito wa kukufikisha mwisho?
"Nimeelezwa. Huo ni mlango wa nyuma.
Mimi nataka kuaga."
Ananyamaza apate pumzi.
Saa ya ukutani nayo inapata nafasi ya kusema.

Miaka thelathini na minane aliinua daraja la mfereji.
Boti ikipiga honi, barabara inasimama, yeye anabonyeza.
"Sikuuliza hata moja inakwenda wapi."
Nami, kwa ujanja wa kazi: Zote uliziruhusu?
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi,
mkewe anakuja mbio na kitambaa.
"Upepo ukizidi, sikufungua.
Walinitukania mama. Sikufungua."

Jikoni, Ymkje ananimiminia kahawa,
biskuti moja, anafunga kopo.
Anaongea akilitazama sinki:
"Namgeuza mara nne kila usiku.
Mgongo wangu umepinda, naye anaona.
Andika na hilo, kama pana nafasi."

Nafasi ipo. Kisanduku cha tano:
*bila shinikizo la mtu yeyote.*

Narudi chumbani, naufunga mlango taratibu.
Je, unamfia mkeo?

Hakasiriki. Anatafuta neno,
kisha analitafutia ulimi.
"Nimeishi naye miaka arobaini na sita.
Nionyeshe jambo moja nililofanya lisilomhusu.
Hata kununua viatu."

Wawili wananigombania kichwani.
Yule wa kiapo: mkono wa tabibu ukiizoea njia hii
utakuja kuipita usiku, bila taa.
Yule wa wodini: wewe utakwenda zako kwa treni,
yeye atabaki na koo lake.
Wote wanasema kweli. Ndiyo taabu yao.

Kalamu inatoa doa kwenye kisanduku cha tano.
Najua kupima mapafu. Najua kupima huzuni, kidogo.
Upendo na uchovu
vikilala kitanda kimoja miaka arobaini na sita,
nivitenganishe kwa kipimo gani?

Naandika: *Nitarudi Alhamisi.*

Ananitazama nikikusanya karatasi.
"Usichelewe, daktari.
Bado naweza kusema ndiyo kwa mdomo wangu."
Pumzi. Saa ya ukutani.
"Au hapana."