Kichwa cha Barua

Huu ni mji ulioshonea majeshi viatu, Northampton,
nami humu humu nauza cha kichwani:
michoro kumi na miwili ya kofia za viua
ndani ya faili moja, pauni nne,
bila uzi, bila sindano, bila jasho la kidole.

Chema chajiuza, marehemu baba alikuwa akisema,
sindano mdomoni, macho kwenye tundu.
Yeye hakuwa na orodha ya majina mia mbili na kumi na mbili,
niliyoiokota mwaka mzima msikitini na harusini,
kwa fundi suruali wa Barabara ya Wellingborough,
na kwa Bi Tebbutt, mfumaji wa soksi za wajukuu,
aliyenisimamisha kituo cha basi
akaomba kuigusa kofia yangu, akaigusa, akahesabu matundu.

Jumanne. Nimetoka zamu ya usiku ghalani,
buti bado miguuni, birika linakoroma.
Nikaikata orodha katikati kama mkate:
A mpaka L huku, M mpaka Z kule.
Barua ni ile ile, nukta kwa nukta.
Kilichotofautiana ni kichwa.

Nusu ya kwanza niliwavisha:
*Michoro 12 ya kofia, pauni nne.*
Nusu ya pili:
*Daftari alilotuachia baba.*

Nikabonyeza. Nikala maharage ya kopo nimesimama.

Saa tatu, cha kwanza kimefunguliwa na kumi na tisa.
Cha pili, sitini na mmoja.
Sitini na mmoja! Nikapiga meza, kijiko kikaruka.
Nikadhani nimeishika siri ya biashara:
bei haimfungulishi mtu barua,
msiba humfungulisha.
Hapo kitu kikanichoma, kidogo tu,
kama sindano iliyosahauliwa kwenye mto.
Nikanywa chai juu yake.

Kumbe kufungua si kununua.
Hadi adhuhuri waliotoa pauni nne walikuwa watatu:
wawili wa kichwa kile kikavu,
mmoja wa baba.
Bi Tebbutt aliandika, *Pole sana kwa msiba*,
hakununua.
Na chini kabisa ya jedwali, kwa rangi nyekundu:
*Amejiondoa: 1.*

Nikalibonyeza jina.
Salhina, Toronto. Dada yangu, tumbo moja.
Herufi S ndiyo iliyomtupa upande ule.
Kwake ilikuwa saa moja asubuhi,
pengine hata uso hajanawa.
Programu ilimwuliza sababu, ikampa visanduku vitano,
akachagua cha nne: *Sikuomba kuletewa hizi.*

Baba tulimzikia simuni, yeye kwake, mimi kwangu,
mtandao ukikatika katikati ya dua.

Mara ya tatu orodha yangu ilikuwa ya mtu mmoja.
Sikuweka bei wala kitufe cha kununulia.
Niliambatisha faili zima, na neno *nisamehe*,
na pale pa kichwa sikuandika kitu.
Programu ikaingilia kati:
*Barua yako haina kichwa. Utume hivyo hivyo?*
Tuma.

Ghalani simu hufungiwa kabatini.
Saa kumi na mbili alfajiri nikaitoa, baridi kama jiwe.
Jibu halikuwa na salamu:

*Ukurasa wa saba si wa baba.
Ule alichora mama, kwa wanja, umeme umekatika,
baba akashona, akasifiwa yeye.
Mistari yote imelalia kushoto, huoni?
Rekebisha.*

Nikaufungua ukurasa wa saba nikiwa kwenye basi.
Miaka yote hiyo. Imelalia kushoto,
kama herufi zake kwenye bahasha za ada ya shule,
kama chapati zake, alizozigeuza kwa mkono
ambao bibi alimkataza kulia.

Nyumbani sikuvua koti. Nikaandika pembeni, *Mwanaheri binti Shee*,
nikawatumia upya wale watatu walionunua.
Kichwa: *Samahani, kuna kosa ukurasa wa saba.*

Wakafungua wote.