Shikamoo Isiyoitikiwa

Saa nane usiku, Tabata Kimanga,
kisanduku kilicho juu ya kabati la vyombo
kimeacha kunijua.

Kilinibembeleza wiki nzima:
toleo jipya lipo, usalama zaidi, kasi zaidi,
bonyeza hapa. Jana nikabonyeza, nikaenda kuoga.
Niliporudi taa ya kijani imekuwa ya machungwa,
inakonyeza, inakonyeza,
kama mtu mwenye siri asiye na nia ya kuitoa.

Ndani yake mna harusi mia mbili na kumi na moja.
Mna sendofu ya Eliakunda, ya Jumamosi iliyopita,
ukumbini Segerea: mama mtu analia kabla ya keki,
wajomba wanacheza na kreti ya soda kichwani,
mshereheshaji anaita kamati mara tatu
na kamati iko jikoni.
Sina nakala nyingine. Kadi za kamera nilishazifuta,
zikarekodi kipaimara Jumapili.
Najua. Usiniambie.

Nilizima, nikawasha. Nilichomoa waya,
nikaupuliza kama mtu apulizaye uji, nikauhamisha tundu.
Nikampigia Mpoki wa Mtaa wa Aggrey,
akapokea kwa sauti ya godoro:
"Kaka, futa yote, anza upya. Dakika kumi tu."
Dakika kumi.
Nikamshukuru, nikakata simu,
nikaiondoa mikono yangu karibu na kile kitufe cha shimoni
kinachobonyezwa kwa sindano.

Basi nikaiingia ruta, nikasoma orodha
ya wanaolala ndani ya nyumba hii:
simu yangu, simu ya Nasra, televisheni,
simu ya kijana wa jirani (tutaongea kesho),
na mwishoni mgeni asiye na jina,
namba mia na kumi na saba.
Ndicho. Kimehama.
Kumbe muda wote nagonga mlango wa zamani,
kama wale wanaoitafuta nyumba yetu
kwa kibao cha anwani kilichopigiliwa
kabla mwenye nyumba hajaligeuza geti.

Nikagonga mia na kumi na saba. Ukafunguka nusu.
Diski zote mbili, nzima. Joto, la kawaida.
Lakini laptopu ikiomba mafolda
jibu ni lile lile: huna ruhusa.

Hapo Nasra akaamka kunywa maji,
akasimama na kikombe, akasoma kioo kupitia bega langu.
Anafundisha darasa la pili; mambo haya hana habari nayo.
"Labda," akasema, "hamsalimiani sawasawa."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Laptopu hii niliinunua ya mtumba, na ilikuwa mtu mzima tayari.
Inasalimia kizamani: inapiga goti, inasema shikamoo.
Na kisanduku, tangu jana, kimesoma,
kinataka funguo na mihuri,
shikamoo yetu kinaisikia kama honi za barabarani.
Nikaitafuta sehemu yenyewe, ukurasa ndani ya ukurasa:
salamu ya chini kabisa inayokubaliwa.
Nikaishusha ngazi moja.
Si salama, kikanionya.
Nikakiambia ni kwa usiku huu tu,
nikashangaa kujisikia nasema kwa sauti.

Marahaba.

Mafolda yakamwagika. Nikaifungua ya Eliakunda
katikati, popote pale:
bibi yake amesinzia meza kuu,
kilemba kimemteleza hadi kwenye nyusi,
huku nyuma yake ukumbi mzima umesimama unapiga vigelegele.
Mimi ndiye niliyeshika kamera.
Siku ile sikumwona.

Nasra amerudi kulala. Nimechomeka diski ya nje,
kunakili kumeanza: asilimia mbili,
zimebaki saa tisa na dakika arobaini.
Nikainuka kuitazama LUKU.
Uniti tatu nukta moja, na friji ndiyo kwanza linaunguruma.
Nikazima friji. Nikazima feni.
Nimenunua umeme kwa simu, natoka jasho gizani,
naingiza tarakimu ishirini, moja moja,
nimekosea ya kumi na nne.