Panya wa Saba

Siku ya kwanza alikatiza mistari mia mbili.
Nilihesabu kwa kalamu, umeme ulikuwa umekatika,
dirisha la maabara wazi upande wa Kasapa,
vumbi jekundu la Agosti likiingia
kama mwanafunzi aliyechelewa.

Dawa ile ile. Sindano ile ile.
Chembe ya unga ambayo ukipiga chafya imepotea.
Siku ya tano, mistari mia nne.
Siku ya tisa niliweka kalamu chini nikamtazama:
hakuwa anakimbilia kitu.
Alikuwa anakimbia.

Jioni nilimweleza mama, yuko anasonga bukari.
Mlevi huanza na chupa moja, akasema,
kesho mbili, ndipo asikie.
Hii ni kinyume, mama. Dozi ni ile ile,
mwangwi ndio unaokua.
Chini ya ubongo kuna kijia chembamba
kinachopeleka habari: hiki hapa, kirudie.
Dawa ikipita hukipanua, ikipita hukipanua,
hadi habari ndogo inapita kwa kishindo
kama lori tupu kwenye mashimo.
Mama akageuza mwiko.
Na Kisimba?

Kisimba, wa tumbo moja nami,
miaka sita aliendesha shaba hadi Kasumbalesa,
vidonge vyeupe ndani ya kopo la karanga
ili foleni ya siku tatu isimkute amelala
wezi wakanyonya tangi.
Kimoja kwa usiku. Hakuongeza; aliapa, namwamini.
Mwaka wa kwanza kilimpa macho.
Mwaka wa nne, kidonge kile kile,
akateremka na spana gizani
kuwinda watu ambao walikuwa vivuli vya magurudumu.

Ameacha. Miezi kumi na minne.
Anauza betri za redio Katuba, amepata kitambi.

Panya wa saba naye tulimpumzisha,
wiki tatu za maji na pumba.
Kisha sanduku lile lile,
na ndani ya sindano, maji ya chumvi tu.
Akakimbia.
Mistari mia tatu kwa maji ya chumvi!
Profesa akaandika. Mimi nikatoka nje.

Maana Jumapili tulikuwa barabarani, mimi na Kisimba,
tunaenda matanga ya shangazi.
Abiria tu, ananisimulia bei ya betri,
na pale kwenye mizani, malori yalipoanza kupanga mkia,
harufu ya dizeli ikapenya,
akanyamaza katikati ya neno.
Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu
pasipo na kanyagio.

Unakipenda bado?
Sikipendi, akasema. Utamu wake nimeusahau.
Ila kuna mtu humu ndani ameshawasha injini.

Sikuwa na dawa ya kumpa, wala mahubiri.
Nikaanza kuhesabu malori kwa sauti,
mazoea ya kazi: moja, mbili, tatu,
lenye turubai la buluu, lililopasuka kioo.
Kwenye la kumi na moja akajiunga nami,
kwa sauti ndogo,
mguu bado umekaza.