Blanketi la Maharagwe

Juni imeingia Mutuini bila kubisha.
Leo asubuhi vilima vya Ngong havipo,
vimejivuta shuka la ukungu hadi utosini,
na mpaka wa shamba letu ni pale mbuzi anapokohoa.

Shamba, nasema, na ni robo ya robo ekari:
mistari sita ya sukuma,
nduma kwenye mtaro wa maji ya vyombo,
gunia la spinachi lililotobolewa mbavu,
na kuku wanne waliogoma kutaga tangu Jumanne.
Siwalaumu. Mimi pia, ningekuwa na yai,
ningelikalia kwanza.

Makaa tunayafinyanga wenyewe.
Vumbi ni la Wairegi, analigawa bure
ukimfagilia kibanda;
udongo mwekundu kiganja kimoja, maji ya kunyunyiza,
kisha zungusha kama unayeandaa kaimati.
Tungeyaanika Februari, jua likiwa jua.
Tulikumbuka Mei.
Sasa mabonge hamsini na mawili yamelizunguka jiko,
yanakaushwa na ndugu zao wanaoungua.

Sweta ya Mumbua niliifua Ijumaa.
Leo Jumatatu kola ingali na maji,
naigeuzageuza juu ya moto kama hindi la kuchoma.
Ataenda shule akinuka moshi.
Darasa zima linanuka moshi,
hakuna wa kumcheka.

Kwenye daftari lenye jalada la buluu nimeandika:
Unga, mia na themanini. Chumvi, ishirini.
Maziwa, tusubiri mbuzi azae.
Maharagwe, gorogoro moja, kwa Mama Kavata,
yule anayeongeza ukufi juu ya kipimo
huku akitazama kando, asishukuriwe.
Mbele ya mafuta ya taa, mstari mtupu.
Nautazama mstari huo
kama wengine wanavyotazama picha ya harusi.

Maharagwe hudai moto wa saa tatu.
Moto wa saa tatu hatuna.
Nayaloweka kutwa, jioni yanatokota kidogo,
nayafunika kwa kifuniko kizito,
nashusha sufuria kwenye kikapu cha ukindu
kilichoshindiliwa majani makavu ya mgomba,
na juu yake blanketi la kijivu la marehemu mama mkwe,
lile zito, lile zuri,
nikilichomeka pembeni
kama anayemlaza mtoto mwenye homa.

Kisha jiko nalitoa nje. Lazima.
Nyumba ya pili kutoka hapa, mwaka juzi,
walilala nalo.
Basi linabaki uani peke yake,
joto letu lote likipanda kwenda kwa nani sijui.

Musembi yuko lindoni Karen.
Analinda nyumba yenye meko mawili ya ukutani
ambayo hayawashwi.

Mumbua ananitazama kutoka kitandani,
miguu yote miwili ndani ya mkono mmoja wa koti la baba yake:
"Mama, maharagwe yanasikia baridi kutushinda sisi?"

Nikamwambia alale.
Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la hesabu,
na mtoto hakuuliza hesabu.

Usiku wa manane nikapapasa, kitanda kitupu.
Moyo ukaenda kwanza mlangoni, kwenye jiko.
Kumbe yuko sakafuni,
amejikunja akakizunguka kikapu,
shavu juu ya blanketi, mdomo wazi,
anapumua taratibu pamoja na sufuria.
Nikatia mkono. Palikuwa na joto,
joto lile la ng'ombe aliyelala.
Sikumwamsha. Nikaburuta godoro,
nikajilaza upande wa pili,
na katikati yetu kilo mbili za maharagwe
zikiiva bila senti moja.

Alfajiri yalikuwa laini, yanapondeka kwa ulimi,
isipokuwa machache ya juu
yaliyokwaruza meno.
Mumbua, shavuni bado ana alama za msuko wa ukindu,
akayatoa moja moja, akayapanga ukingoni mwa sahani.
"Haya," akasema, "ndiyo yaliyovutana blanketi."